Kurudilia kinga ukiwa mtu mzima

Mjini Lubumbashi, baiskeli inaitwa kinga. Wengi wanaiona kila siku ikileta makala toka vijijini, magunia yamepandana, mwenyewe akiisukuma kwa mikono. Lakini mtu aliyeiacha utotoni, akitaka kuirudilia akiwa baba ao mama wa watoto, anakutana kwanza na woga.

Woga huo si haya. Mtu mzima ni mzito kuliko mtoto, na anajua mguu ukivunjika nani atalisha nyumba. Ndiyo maana anaanza chini.

Fundi ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse udongo, kisha atoe pedali. Mtu anajisukuma kwa miguu mpaka mwili ukumbuke namna ya kusimama juu ya magurudumu mawili. Pedali zinarudi baadaye. Freni ajifunze mbele ya mbio. Macho yatazame mbali, maana kinga inafuata macho.

Siku ya Mungu asubuhi, kwenye njia ya mtaa, inafaa. Kiangazi ni bora: mvua ikinyesha, maji yanaficha mashimo. Apite kuume, kama magari. Barabara ya Likasi, na malori yake ya madini, ingojee kwanza.