Mnunuzi wa Surgeons' Square
Katika mtaa wa West Port, mjini Edinburgh, Scotland, palikuwa na nyumba ya kulala wageni wa hali ya chini, mwenyewe akiitwa William Hare. Mwishoni mwa Novemba 1827 alifia humo mpangaji mmoja, mzee Donald, askari mstaafu aliyekuwa akisubiri pensheni yake. Alikufa kwa maradhi, hakuna aliyemgusa. Lakini alikuwa akidaiwa kodi ya pauni 4, na Hare hakuona mtu wa kumdai. Akashauriana na William Burke, Mwairishi mwenzake aliyehamia Scotland kufanya kibarua cha kuchimba mfereji. Jeneza lilipokwisha kupigiliwa misumari, wawili hao wakalifungua, wakamtoa marehemu, wakajaza magome ya miti ya kulainishia ngozi, kisha wakalifunga tena. Magome yakazikwa kama mtu.

Jioni wakaenda chuo kikuu kumuulizia Profesa Alexander Monro, mwalimu wa anatomia. Mwanafunzi waliyemkuta akawaelekeza kwingine, kwa Daktari Robert Knox, kwenye uwanja wa Surgeons' Square. Walipoipeleka maiti hapo wakalipwa pauni 7 na shilingi 10, na wasaidizi wa daktari wakawaambia kwamba wakipata nyingine wasiache kurudi.

Edinburgh ya siku zile ilisifika kwa tiba, na vijana walitoka mbali kwenda kusoma huko. Mwanafunzi wa anatomia hakutosheka na michoro. Alitaka mwili wa kupasua kwa mkono wake. Sheria ya mwaka 1752 iliwapa madaktari maiti za wauaji waliokwisha kunyongwa, na hao hawakutosha hata kidogo. Mwaka 1828 darasa la Knox peke yake lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 500. Pengo hilo lilizibwa na wafukua makaburi, waliofanya kazi usiku na kuuza asubuhi. Mwenye uwezo alimwekea marehemu wake kizimba cha chuma juu ya kaburi, au alilipa walinzi mpaka mwili uharibike usiwe na thamani. Vizimba hivyo, pamoja na minara ya walinzi, vingalipo katika baadhi ya makaburi ya Scotland. Maskini hakuwa na kizimba.

Burke na Hare, ingawa wengi huwaita wezi wa makaburi, hawakufukua kaburi hata moja. Waliona njia fupi zaidi. Mapema mwaka 1828 mpangaji mwingine wa Hare, Joseph, msaga nafaka, alishikwa na homa kali, na wakaogopa kwamba ugonjwa wake ungefukuza wateja. Wakamziba pumzi. Baadaye ikawa zamu ya Abigail Simpson, bibi muuza chumvi aliyekuja mjini kuchukua pensheni yake, akakaribishwa wiski mpaka akalewa. Utaratibu ukawa ni huo: mgeni hunyweshwa, kisha mmoja humlalia kifuani na mwingine humfunga pua na mdomo. Haikubaki damu wala jeraha, na hicho ndicho mnunuzi alichokitaka, mwili mzima usio na kasoro. Bei ilikuwa pauni 8 wakati wa kiangazi na 10 wakati wa baridi.

Waliouawa walikuwa watu 16 kwa muda usiozidi mwaka. Wengi walikuwa wanawake, karibu wote maskini: mwokota majivu, mfua nguo, ombaomba, bibi na mjukuu wake. Wakiitwa ndani walifurahi, maana nje kulikuwa na baridi na ndani kulikuwa na pombe.

Yapo mauaji mawili yanayoeleza mengi kuliko mengine. Aprili 1828 aliuawa Mary Paterson, msichana mzuri wa sura, na saa chache baadaye mwili wake ukawa mezani kwa Knox. Mwanafunzi mmoja alimtambua. Burke akajibu kwamba maiti hiyo aliinunua kwa mwanamke mmoja, na jibu likakubaliwa. Knox aliuhifadhi mwili huo ndani ya wiski kwa miezi mitatu. Miezi michache baadaye ikaletwa maiti ya James Wilson, kijana mwenye upungufu wa akili na mguu wenye kasoro, ambaye mji mzima ulimfahamu kwa kuranda mitaani. Wanafunzi wakasema huyu ni James. Knox akakataa. Inasimuliwa kwamba kichwa na miguu yake viliondolewa upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Mtu aliyesomea miili ya binadamu maisha yake yote hakosi kuona tofauti kati ya aliyechimbuliwa udongoni na aliyekata roho jana.

Knox huyu, jicho moja limeharibiwa na ndui tangu utotoni, aliwahi kuwa daktari wa jeshi la Uingereza huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Mwaka 1850 alitoa kitabu kuhusu kabila za wanadamu, kikiwapanga watu kwa damu yao na kuwaweka weusi chini. Sishangai.

Tarehe 31 Oktoba 1828 Burke alimkaribisha kwake Margaret Docherty, mwanamke wa Ireland, akidai kwamba ni ndugu wa mama yake. Wapangaji wake, Ann Gray na mumewe James, wakahamishiwa kwa Hare usiku ule. Kesho yake Ann alitaka kusogelea kitanda, Burke akamkemea. Walipoachwa peke yao wakapekua nyasi za kando ya kitanda na kuukuta mwili wa Docherty. Helen McDougal, aliyeishi na Burke kama mke, akawapigia magoti na kuwaahidi pauni 10 kila wiki wakinyamaza. Walikuwa fukara, hawana hata pa kulala, na bado wakaenda polisi. Maiti ilikutwa Surgeons' Square, na Burke na Hare wakakamatwa.

Hapo sheria ikakwama. Madaktari hawakuweza kuapa kwamba Docherty aliuawa, kwa sababu njia ile haikuacha ushahidi mwilini. Mwanasheria mkuu, Sir William Rae, akamsamehe Hare ili awe shahidi wa Serikali. Kesi ilianza tarehe 24 Desemba na kuendelea usiku kucha hadi asubuhi ya Krismasi. Burke akahukumiwa kifo. Kwa McDougal, aliyeshtakiwa pamoja naye, wazee wa mahakama wakasema haikuthibitika. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, kisha akapasuliwa na Profesa Monro, yule yule waliyemtafuta siku ya kwanza. Mifupa yake ingali katika makumbusho ya anatomia ya chuo kikuu hicho. Hare aliachiwa Februari, akavushwa mpaka kuingia England akikimbizwa na watu wenye hasira.

Umati ulichoma sanamu ya Knox na kupiga mawe nyumba yake. Kamati iliyoundwa kumchunguza ikasema alikosa tahadhari tu. Mwaka 1831, baada ya watu wawili kunyongwa London kwa biashara ya namna hiyo hiyo, Bunge liliona haliwezi kungoja. Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832 iliruhusu shule za tiba kupewa maiti za wafu wasiodaiwa na ndugu, na kwa kweli wengi wa hao walitoka katika nyumba za kutunzia maskini. Ufukuaji wa makaburi ukaisha. Waliopasuliwa wakabaki wale wale, safari hii kwa mujibu wa sheria na bila malipo.

Katika mauaji yote 16 alinyongwa mtu mmoja. Robert Knox alikufa London mwaka 1862, na katika kesi ile hakuwahi kuitwa kizimbani, hata kama shahidi.