Kufunga Vyombo vya Okestra ya Kompyuta

Okestra ya kompyuta mpakato ni kundi la wanamuziki ambao kila mmoja hutumia kompyuta yake kama ala, wakapiga pamoja mbele ya hadhira, mara nyingi wakiwa na kiongozi mmoja na mtandao mmoja unaoziunganisha mashine zao. Wengi wanaoielezea huanza na programu zinazozalisha sauti, na programu hizo zina uzito wake. Hata hivyo, anayefuatilia namna makundi haya yalivyozaliwa huona kwamba sura yake iliamuliwa zaidi na kazi ya kufunga vyombo, yaani mahali pa kuweka spika, njia ya kupitisha nyaya, na namna ya kuzifanya mashine nyingi zikubaliane kuhusu wakati.

Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, aliandika MUSIC, mojawapo ya programu za mwanzo kabisa za kuzalisha sauti kwa kompyuta. Kwa miaka mingi baadaye, kazi ya namna hiyo ilifanyika hasa kwenye mashine kubwa za maabara na vyuo vikuu: mtunzi aliandika maelekezo, akasubiri mashine ikokotoe, hatimaye akapata utepe ambao ulipigwa ukumbini kupitia spika chache, hadhira ikitazama jukwaa lisilo na mtu. Muziki huo ulikuwa na mtunzi lakini haukuwa na mpigaji, na upungufu huo ndio uliowasukuma watu wa kizazi kilichofuata.

Hatua ya kwanza ya kuuziba ilichukuliwa katika eneo la San Francisco, pale kompyuta ndogo za bei nafuu zilipoanza kuuzwa. Jim Horton, John Bischoff na Rich Gold walianza kupiga pamoja mwaka 1978, na kundi lao, ambalo Tim Perkis alijiunga nalo baadaye, likaitwa League of Automatic Music Composers. Chombo chao kilikuwa KIM-1, ubao mmoja wa saketi ulio wazi, wenye vitufe kama vya kikokotoo, taa za kuonyesha tarakimu sita, na kumbukumbu ya takriban kilobaiti 1, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kuhifadhi ukurasa mmoja wa kitabu. Kila mwanamuziki aliandika programu yake, kisha mashine ziliunganishwa kwa nyaya zilizochomelewa kwa mkono, ili uamuzi wa mashine moja kuhusu sauti yake uathiri uamuzi wa nyingine. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1979, kila baada ya wiki mbili, Jumapili alasiri, walitumia saa kadhaa kufunga mtandao huo katika jumba la Finnish Hall mjini Berkeley, wakauacha upige kwa saa moja au mbili huku wakirekebisha hapa na pale, na wasikilizaji wakiruhusiwa kuingia, kuuliza maswali na kutoka. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ufungaji wenyewe ulikuwa sehemu ya utunzi, kwa kuwa waya uliounganisha mashine mbili ulikuwa pia uhusiano kati ya sauti mbili.

Nyaya hizo za kuunga moja moja zilikuwa na udhaifu, kwani kiungo kimoja kikilegea muziki mzima hubadilika, na kuvirudisha viungo vyote katika hali ya onyesho lililopita ilikuwa kazi ngumu. Mnamo 1986 Bischoff na Perkis waliweka katikati kompyuta ndogo iliyofanya kazi kama sanduku la barua: kila mwanamuziki aliandika humo habari za anachokifanya, na wenzake wakazisoma kwa wakati wanaoutaka. Kutokana na mpango huo lilizaliwa kundi la The Hub, lenye wanamuziki sita, ambalo mwaka 1987 liligawanyika katika makundi mawili ya watu watatu, yakapiga kwa pamoja katika kumbi mbili tofauti za New York zilizounganishwa kwa modemu, kifaa kinachopitisha data katika laini ya simu.

Makundi hayo yalithibitisha kwamba kompyuta zinaweza kusikilizana, lakini sauti zao zilikusanywa na kutolewa kupitia spika za ukumbi, hivyo msikilizaji aliyefumba macho hakuweza kujua nani amepiga nini. Suala hilo ndilo lililomshughulisha Dan Trueman, mtunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton ambaye pia ni mpiga fidla, hususan fidla ya Hardanger ya Norwei. Mpiga fidla huzoea sauti inayotoka pale alipo na kusambaa pande zote kadiri mwili wa ala unavyoielekeza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Trueman alishirikiana na Perry Cook, profesa wa sayansi ya kompyuta chuoni hapo, kupima kwa maikrofoni zilizoizunguka ala jinsi miili ya ala mbalimbali inavyorusha sauti, na kutokana na vipimo hivyo wakaunda spika zenye umbo la tufe, ambazo zinarusha sauti kila upande kama ala inavyofanya.

Mwaka 2005 wawili hao, wakiwa na wanafunzi wao Ge Wang na Scott Smallwood, walianzisha Princeton Laptop Orchestra, maarufu kwa jina la PLOrk, yenye vituo 15. Kituo ni jumla ya vyombo vya mpigaji mmoja. Mpigaji aliketi sakafuni juu ya mto, kompyuta ikiwa mbele yake, na kando yake kulikuwa na spika ya umbo la nusu tufe iliyolalia upande wake bapa, yenye matundu sita, kila tundu likipokea sauti yake. Kutoka kwenye kompyuta waya uliingia katika kiolesura cha sauti, kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, kisha ukaelekea kwenye amplifaya na kuishia katika yale matundu sita. Njia nyingine ilileta habari kutoka kwenye vihisi, yaani vifaa vinavyopima mguso, umbali au mwinamo. Vituo 15 vya matundu sita vinafanya njia 90 za sauti, na kila moja ilibidi ijaribiwe, kwa sababu waya mmoja ukiingizwa katika tundu lisilo lake, sauti iliyotungwa izunguke kumzingira mpigaji itaruka upande mmoja na kurudi mwingine. Kubeba vyombo hivyo vyote hadi ukumbini, kuvipatia umeme na kuvifungua tena baada ya onyesho ilikuwa kazi ya wanafunzi wenyewe, na ni haki kuihesabu kama sehemu ya mafunzo yao ya muziki.

Faida ya taabu hiyo ilionekana katika maonyesho ya kwanza ya mwaka 2006, ambapo miongoni mwa walioshirikiana na kundi hilo alikuwemo Zakir Hussain, bingwa wa tabla, ngoma ambayo wapenzi wa taarabu katika mwambao wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema. Ngoma ya mkono haihitaji spika za ukumbi ili ijulikane iko wapi, na kwa kuwa kila kompyuta nayo ilikuwa na sauti inayotoka mahali pake, pande mbili hizo ziliweza kukaa katika chumba kimoja bila upande wowote kuumeza mwingine.

Tatizo lililobaki lilikuwa wakati. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo wanamuziki walio umbali wa mita 10 husikiana kwa kuchelewa karibu milisekunde 30, na okestra za kawaida zimezoea ucheleweshaji huo kwa sababu haubadilikibadiliki. Ujumbe unaopita katika mtandao usiotumia waya hauna uthabiti huo, kwani mmoja huwahi na unaofuata ukachelewa. Vituo vya PLOrk vilitumiana ujumbe mfupi kwa Open Sound Control, kanuni ya mawasiliano ya ala za kielektroniki iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997, na mashine ya kiongozi ikatuma mapigo ya kuzilinganisha nyingine zote. Katika CliX, kipande cha Ge Wang, wapigaji huchapa herufi kwenye kibodi, kila herufi ikawa na mlio wake, nayo kompyuta huuchelewesha kidogo mlio huo hadi uangukie kwenye pigo la pamoja. Kipande hicho kiliandikwa kwa ChucK, lugha ya programu ambayo Wang na Cook waliibuni ili mwanamuziki aweze kutaja wakati kwa usahihi mkubwa ndani ya maelekezo yenyewe, na hata kuyabadilisha huku muziki unaendelea.

Wang alipohamia Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha okestra ya pili, SLOrk, mwaka 2008, na hapo vyombo vikarahisishwa: spika ziliundwa kwa mabakuli ya saladi ya IKEA yaliyotobolewa na kuwekwa spika za gari, huku amplifaya zikifichwa ndani ya bakuli, jambo lililopunguza nyaya za kubeba. Mwaka uliofuata Ivica Ico Bukvic wa Virginia Tech alianzisha L2Ork, iliyotumia kompyuta ndogo za bei nafuu, mfumo huria wa Linux, programu ya Pure Data na rimoti za mchezo wa Wii, ili gharama isiwe kizuizi kwa vyuo na shule nyingine. Katika historia nzima ya ufungaji huu, hatua hiyo inastahili heshima ya pekee, kwa sababu iliifanya okestra iweze kuigwa na walimu wasio na fedha nyingi.

Kutegemea bidhaa za dukani, hata hivyo, kulileta uzee wa haraka. Mwaka 2005 kompyuta za Apple zilianza kuwekewa kihisi kilichoinusuru diski pale mashine inapoanguka, na Rebecca Fiebrink, Wang na Cook walikitumia kuifanya kompyuta yenyewe iwe ala ya kuinamishwa huku na huku. Diski zisizo na sehemu inayozunguka zilipoenea, kihisi hicho kilikosa kazi kikaondolewa. Milango ya FireWire, iliyounganisha violesura vingi vya sauti vya wakati ule, nayo ikatoweka. GameTrak, kidhibiti cha michezo ya video chenye kamba mbili za kuvutwa kwa mikono ambacho SLOrk ilikitegemea, hakitengenezwi tena. Kundi linalotaka kupiga kipande kilichotungwa kwa vyombo hivyo hulazimika ama kutunza mashine za zamani pamoja na chaja na nyaya zake, ama kukiandika upya. Na kwa kuwa msimbo wa ChucK na Pure Data uko wazi kwa yeyote kuusoma, njia ya pili ndiyo iliyo nyepesi, ingawa anayeandika upya huachiwa uamuzi ambao mtunzi hakuwahi kuufanya, wa kuchagua ni mwendo gani wa mkono utakaochukua nafasi ya kuinamisha kompyuta nzima.