Majani Yalipooshwa, Shaba Ikapungua

Oktoba 2026 inatimia miaka 120 tangu Wabelgiji waunde kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Watakaoiadhimisha watazungumzia shaba. Udongo hautakuwa na msemaji. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na pepo za kusini-mashariki zikaupeleka moshi wake hadi Penga Penga, ambako misitu ya miombo ilikufa na ardhi ikabaki tupu. Miaka ya 1960 kampuni ikawa mali ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Moshi haukubadilika.

Ajabu ni kwamba vilima vyenye shaba ya asili havikuwa vitupu. Viliota nyasi, na ua la zambarau la jamaa ya mrehani, Haumaniastrum katangense, lililopewa jina la ua la shaba. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud alieleza uoto huo miaka ya 1950. Baadaye ikaonekana kuwa ua hilo huota hata palipokuwa na tanuru za wafua shaba wa kale.

Hapo ndipo matumaini yalipopanda. Robert Brooks, mwanakemia wa New Zealand, pamoja na François Malaisse wa Lubumbashi, walipima majani na kutangaza mimea mingi ya Katanga kuwa walafi wa shaba na kobalti: inayobeba zaidi ya miligramu 1,000 katika kila kilo ya majani makavu. Basi panda, vuna, choma, udongo utakate!

Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Shutcha na Pierre Meerts wakafanya jambo dogo: waliyaosha majani barabara kabla ya kuyapima. Viwango vikashuka mno. Sehemu kubwa ya shaba iliyosifiwa ilikuwa vumbi lililoganda juu ya majani. Mtu yeyote aliyewahi kuanika shuka jeupe Lubumbashi wakati wa kiangazi angeweza kuwaonya. Ubishi haukuisha siku hiyo, lakini kwangu mimi waoshaji walishinda.

Shutcha, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akageukia nyasi zisizo na sifa. Katika udongo uliotiwa shaba miligramu 2,500 kwa kilo, yeye na wenzake walijaribu aina tatu kwa miaka miwili, pamoja na chokaa na mboji. Ukoka wetu wa kila uwanja haukustahimili bila chokaa. Iliyostahimili vizuri zaidi ni Rendlia altera, nyasi ya vilima vya shaba. Nyasi ya namna hii haikusudiwi kuila shaba. Kazi yake ni kuushika udongo, upepo usiupeperushe na mvua isiukokote, na kadiri inavyonyonya kidogo ndivyo inavyofaa.

Majaribio ya miaka mitatu yakafuata katika udongo wenyewe uliounguzwa na tanuru. Matokeo yalichapishwa 2015. Ni vijishamba vya utafiti, si mradi wa mji, na sioni kisingizio cha kuviacha hivyo. Tena muda ni mfupi: mbegu hutoka kwenye vilima vya shaba, navyo ndivyo vinavyochimbwa sasa kutafuta kobalti ya betri.