Mafunzo ya Waashi, Zamani na Siku Hizi

Mtu akifika Malolo, kule ambako wilaya ya Kilosa inakaribiana na nchi ya Iringa, huona mashamba ya vitunguu na mifereji ya kuyanywesha, kisha huona nyumba za namna nyingi katika kijiji kimoja. Iko nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa nyasi. Iko ya matofali mabichi. Iko ya matofali ya kuchoma yenye bati. Na siku hizi ziko za matofali ya saruji. Mkulima akiuza vitunguu vyake vizuri, mara nyingi jambo la kwanza alifikirilo ni nyumba. Fedha ya misimu miwili mitatu, jasho la mume na mke na watoto, hutiwa katika mkono wa mwashi mmoja. Basi yafaa tuulize: Mwashi huyu alifundishwa na nani? Na tangu siku ile aliposhika mwiko mara ya kwanza, amejifunza nini tena? Ili tupate jibu, natutazame kwanza habari za ufundi huu katika nchi yetu.

Hapo kale wazee wa Usagara na Ugogo walijenga tembe. Tembe ni nyumba ndefu ya nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na dari yake ni bapa, yaani magogo yamelazwa, juu yake fito, na juu ya fito udongo mwingi. Katika nchi ya mvua chache nyumba hii ilifaa sana, kwa kuwa ndani yake mna baridi mchana, wala moto haushiki upesi. Lakini mvua ikizidi, udongo wa darini hulowa ukawa mzito, na nguzo iliyoliwa na mchwa haiwezi kuuchukua. Wazee walijua hayo, nao walitengeneza nyumba zao kila mwaka. Kijana alijifunza kwa kuwatazama baba zake, wala hapakuwa na siku ya kumwambia, “Sasa umehitimu.”

Hata hivyo ujuzi wa jambo moja si ujuzi wa yote. Karibu na Morogoro ya leo palikuwa na mji wa Simbamwene, ulioanzishwa na Kisabengo. Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliusifu sana kwa boma lake la mawe na minara yake. Aliporudi mwaka 1872, mvua kubwa zilikuwa zimepita. Mto ulikuwa umechukua ukuta wote wa upande mmoja, na nyumba kama 50 zilikuwa zimeangamia. Waliojenga ukuta ule walijua kumzuia adui mwenye bunduki. Adui mwenye maji hawakumwekea boma.

Wakati huo huo ufundi wa namna nyingine ulikuwa ukiingia kutoka pwani, ambako tangu karne nyingi watu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huko Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Edward Steere alianza kujenga kanisa kuu mwaka 1873. Husimuliwa ya kwamba alipokuwa safarini, mafundi walisimamisha nguzo 12 za mwisho wa kanisa juu chini. Aliporudi aliziacha vile vile, nazo zimesimama mpaka leo. Wageni huonyeshwa nguzo zile wakacheka, lakini mwalimu hawezi kucheka tu. Watu wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Mikono yao ilikwisha kujua kazi. Walikosa jambo moja, nalo ni kuonyeshwa maana ya umbo walilokuwa wakilijenga. Mtu aliyefundishwa kutenda bila kufundishwa sababu, mwalimu wake akiondoka, naye hupotea njia.

Bagamoyo pia, tangu 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwafundisha vijana waliokombolewa utumwani kazi za useremala, uashi na uhunzi. Toka hapo walipanda bara, wakafika Mhonda mwaka 1877, na penye misheni palionekana tanuru la matofali. Kisha ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Pamoja na reli yakaja mabati, saruji na chuma. Lakini kazi kubwa za namna hii humfundisha mtu kipande tu. Huyu huchukua mawe, yule huchanganya zege, na kipimo hukaa kichwani mwa msimamizi. Kazi ikiisha, msimamizi huondoka na kipimo chake, na kibarua hurudi kwao akiitwa fundi.

Upungufu huu ulijulikana. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dokta Aggrey alikuwa mmoja wao, ilizunguka Afrika ya Mashariki ikahimiza elimu inayogusa maisha ya kijijini, kilimo na ufundi pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, ng'ambo ya Iringa, mahali ambapo wakati wa vita walikaa wakimbizi wa Kipolandi. Vijana walisoma shuleni, kisha wakatumwa kwa waajiri wamalizie mafunzo yao kazini. Mpango huu ulikuwa mzuri, maana ulikiri ya kuwa darasa peke yake halimfanyi mtu fundi, wala kazi peke yake. Lakini katika miaka ya 1960 shule za namna hii ziligeuzwa kuwa sekondari, na mwashi wa kijijini akabaki na mwalimu wake wa zamani, yaani kutazama.

Na vitu vya kujengea havikumngoja. Tazameni tofauti zake. Tofali bichi lina nguvu likiwa kavu, likilowa hurudi kuwa tope; kwa hiyo lataka msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, na paa lililotokeza nje ya ukuta. Tofali la kuchoma lastahimili maji, lakini lataka kuni nyingi, na likiwa halikuiva katikati ya tanuru, huonekana jekundu nje na ndani ni udongo. Bati halivuji, lakini ni jepesi. Upepo hulichukua kama kenchi hazikufungwa imara ukutani. Saruji ndiyo inayowadanganya wengi. Ikiisha kutiwa maji huanza kushika katika muda wa saa chache. Rojo lililokwisha kushika, ukiliongezea maji ili lilainike, umeliua. Tena zege hupata nguvu kwa unyevu, hivyo yapasa limwagiliwe maji walau siku 7. Mwenye haraka huliacha likauke juani siku ile ile, akafurahi kuona limekuwa gumu, kumbe limepasuka ndani.

Mambo haya si siri, wala hayahitaji miaka ya shule. Mengi yaweza kufundishwa katika siku chache kwa mtu ambaye mikono yake imekwisha zoea kazi. Ila lazima awepo wa kufundisha, na awepo wa kukubali kufundishwa.

Serikali imefanya mengi kwa ajili hiyo. Mwaka 1971 kilianzishwa Dar es Salaam kitengo cha utafiti wa ujenzi, kitafute njia za nyumba bora kwa vitu vya hapa hapa. Mwaka 2001 mahali pake pakachukuliwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hao waliwafundisha mafundi na vikundi vya vijana kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yanayofungana lenyewe kwa lenyewe, yasiyohitaji kuni hata moja. Kwa sheria ya 1994 ikaundwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iitwayo VETA, nayo ina chuo Mikumi, katika wilaya yetu hii ya Kilosa. Tena VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini. Huonyesha kazi yake, hufundishwa yale yaliyompungukia, kisha hupewa cheti.

Wakubwa wa kazi nao wamewekewa sheria. Mwaka 1997 iliundwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, nayo huwaandalia mafunzo. Na wahandisi waliosajiliwa hutakiwa kuendelea kujifunza kila mwaka. Wala wasidhani ni mzigo wa bure. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30. Jengo likianguka halimwulizi mtu ana vyeti vingapi.

Lakini mwashi wa Malolo hana bodi ya kumwita. Hakuna amwandikiaye barua kusema, “Njoo, saruji ya siku hizi yataka hivi.” Naye ndiye ajengaye nyumba tulalamo wengi wetu, na madarasa, na makanisa ya vijijini, na kingo za mifereji. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulipovunja tuta lake Kilosa, reli ilikatika, na maelfu ya watu walibaki bila makao. Kwa maji makubwa kama yale, hata fundi hodari hawezi kuahidi kila kitu. Lakini nyumba iliyoinuliwa juu ya msingi wa mawe, mahali palipochaguliwa vema, huwapa watu nafasi ya kutoka. Nyumba ya tofali bichi iliyokaa juu ya ardhi tupu haiwapi.

Wako wasemao ya kwamba fundi mwenye miaka 20 kazini kumpeleka darasani ni kumvunjia heshima. Sivyo. Mfalme Sulemani, pamoja na hekima yake yote, alimwita Hiramu kutoka Tiro, kwa sababu alijua kwamba kazi ya shaba yataka mwenye kuijua. Tena fundi wa miaka 20 ndiye afundishikaye upesi kuliko wote, maana amekwisha kuona nyufa nyingi, na kila neno la mwalimu humkumbusha ukuta fulani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa elimu nao huzibwa vivyo hivyo, mapema.

Basi wazee wa vijiji na kamati za ujenzi waweza kuanza bila kungoja amri. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji kwa ajili ya darasa au kanisa, waweke kando fedha kidogo ya nauli na ada, wampeleke mwashi wao Mikumi kwa majuma machache. Akirudi, awafundishe wenzake palepale penye kazi. Na mwenye kujenga nyumba yake mwenyewe, siku ya kupatana bei, amwulize fundi wake maswali mawili: Msingi utainuka kiasi gani, na zege tutalimwagilia siku ngapi?

Fundi mwenye kujibu vema, mlipeni ujira wake wote bila kupunguza.