Kodi ya Kukomoa

Mkulima wa kahawa wa Mbinga anajua atakatwa. Ushuru wa halmashauri hutoka kabla hajaishika hela yake, na hata uliposhushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, makato ni makato. Kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli, mchuuzi wa usipa naye ana ushuru wake. Ukiwasikiliza, wote wawili watakwambia wanakomolewa. Katika mazungumzo ya barazani hakuna ubaya. Kwa maana ya istilahi ninayoieleza hapa, hawajakomolewa. Wamekatwa, na jirani zao wamekatwa vilevile.

Ninachotafutia jina ni kitendo cha mtawala kuielekeza mamlaka ya kodi kwa mtu aliyemkosoa. Magazeti yetu huandika "kutumia kodi kama silaha". Inaeleweka, ila inatisha kuliko jambo lenyewe, ambalo kwa kawaida huja kimyakimya kwa barua yenye kumbukumbu namba. Jina la pili ni "kodi ya dhuluma", lililoshika kasi Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaonya watumishi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) waache kukusanya kwa mabavu na kufunga akaunti za watu. Ni jina zuri, lakini la jambo jingine. Dhuluma huuliza umechukua kiasi gani na kwa njia gani. Kukomoa huuliza kwa nini huyu, na kwa nini leo. Ndiyo maana nashika "kodi ya kukomoa", na humo tunapata "ukaguzi wa kukomoa" na "makadirio ya kukomoa" bila kulazimisha sarufi.

Mwaka 2019 ulituonyesha yote mawili ndani ya miezi mitatu. Tarehe 7 Juni Rais John Magufuli aliwaita Ikulu wafanyabiashara kutoka wilaya mbalimbali za nchi. Walilalamikia makadirio makubwa kupita mauzo, maduka kufungwa na maofisa wasiosikia. Kesho yake Kamishna Mkuu wa TRA, Charles Kichere, aliondolewa. Malalamiko yale yalikuwa ya dhuluma: mwenye duka aliumia kwa sababu ana duka, hata kama kofia yake ni ya kijani cha chama tawala.

Mwishoni mwa Julai alikamatwa Erick Kabendera, mwandishi wa habari aliyekuwa akiandikia magazeti ya nje, likiwamo The Economist. Kwanza alihojiwa kuhusu uraia wake. Kisha ikasemwa ni uchochezi. Tarehe 5 Agosti alipofikishwa mahakamani, mashtaka yalikuwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya takriban shilingi milioni 173, na kutakatisha fedha. Utakatishaji hauna dhamana, basi akakaa mahabusu karibu miezi saba. Mama yake alifariki Desemba, naye hakuruhusiwa kwenda kumzika. Februari 2020 alikiri makosa mawili katika makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, akaamriwa kulipa jumla ya zaidi ya shilingi milioni 270, akatoka.

Atakayesema alikiri, kwa hiyo deni lilikuwapo, amekosa shabaha. Kodi ya kukomoa haihitaji deni la uongo. Katika nchi ambayo wengi hatuna hesabu zilizokaguliwa, mwenye kutafuta dosari ataipata, na hapo ndipo kuna utamu wake kwa mtawala: kila hatua ina kifungu chake cha sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, Kamishna anaweza kuiagiza benki imkabidhi fedha za mdaiwa. Ukitaka kupinga makadirio una siku 30, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa zaidi, isipokuwa Kamishna mwenyewe akupunguzie. Kwa kampuni kubwa hilo ni zoezi la wanasheria. Kwa mwenye duka la pembejeo pale Mbinga, theluthi hiyo yaweza kuwa mtaji wote.

Majirani nao wanaujua mchezo. Mwaka 2016, ng'ambo ya ziwa letu, mamlaka ya mapato ya Malawi ilifunga ofisi za kampuni ya magazeti ya Times Group. Zambia, Juni mwaka huohuo, gazeti la The Post lilifungwa kwa deni la kodi, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Uganda mwaka 2021, mara tu baada ya uchaguzi, mamlaka ya mapato (URA) ililitaka gari la mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine lisilopenya risasi lirudishwe likadiriwe upya.

Katika nchi hizi mkuu wa mamlaka ni mteule. Kwetu huteuliwa na Rais, na kati ya Novemba 2015 na Juni 2019 kiti hicho kilikaliwa na Bade, Mpango, Kidata, Kichere, kisha Mhede. Mtu anayejua kiti chake ni cha miezi hasubiri kuagizwa mara mbili. Lakini wapo waliokataa: Marekani mwaka 1972, msaidizi wa Rais Nixon alimpelekea kamishna wa kodi, Johnnie Walters, orodha ya wapinzani wa kukaguliwa. Walters alikwenda kwa Waziri wa Fedha, George Shultz, wakakubaliana kutofanya lolote, na orodha ikafungiwa kwenye sefu. Mwaka 1974 matumizi hayo ya idara ya kodi yaliingia katika hoja za kumng'oa Nixon. Nixon alitaka wakomolewe, akakwama kwa sababu walikuwapo watu wawili waliokataa.

Ugumu uliobaki ni ushahidi. Kuonyesha kwamba diwani wa upinzani mwenye duka Mbamba Bay amekomolewa, sharti ujue mwenzake wa chama tawala mwenye duka kama lile amekadiriwa ngapi. Hilo huwezi kulijua: sheria inaficha taarifa za mlipakodi, kwa nia njema kabisa, na humohumo umefichika uchaguzi wa nani akaguliwe.