Kingamwili za Maabara katika Utambuzi wa Virusi vya Njia ya Hewa

Kingamwili za maabara ni protini za kinga zinazozalishwa makusudi ili zinase sehemu moja mahususi ya kirusi. Zikishatiwa rangi au kimeng'enya, hufichua kirusi kilichomo kwenye makamasi au ndani ya seli. Utiaji wa rangi ing'aayo ulibuniwa na Albert Coons na wenzake wa Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1940. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliutumia katika miaka ya 2000 kutafuta RSV, virusi vinavyoleta nimonia kwa watoto wachanga, kwenye maji yaliyooshea pua za watoto.

Awali kingamwili zilitolewa kwenye damu ya wanyama waliochanjwa, kama sungura na mbuzi. Kila mnyama alikuwa na mchanganyiko wake, na akifa umekwisha. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli za bandama ya panya aliyechanjwa na seli za saratani zisizokoma kugawanyika. Seli chotara hizo hutoa kingamwili ya aina moja tu. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Kazi ngumu ni kuchagua pa kushika. Protini za nje za virusi vya influenza hubadilika mara kwa mara. Protini inayofunika vinasaba hubadilika kidogo, nayo ni nyingi, hivyo ndiyo inayolengwa na vipimo vingi. Kwa RSV suala ni umbo. Protini yake F hujikunja upya kirusi kinapojiunga na seli, na kingamwili D25 hushika umbo la kabla ya hapo pekee. Mwaka 2013 Jason McLellan, Barney Graham, Peter Kwong na wenzao walichapisha muundo wa umbo hilo likiwa limeshikwa na D25, kazi iliyofungua njia ya chanjo zilizoidhinishwa mwaka 2023.

Kushika si kuzuia. Kingamwili CR3022, iliyotokana na mgonjwa aliyepona SARS, ilionekana mwaka 2020 kushika pia kirusi cha UVIKO-19, ingawa uwezo wake wa kukizuia ni hafifu. Mshiko wa namna hiyo humnufaisha anayechunguza jamii nzima ya virusi, lakini humpotosha anayetaka kutenganisha viwili vinavyofanana. Kwa hiyo kila kingamwili mpya hujaribiwa pia kwenye seli zisizoambukizwa na kwenye virusi vya jamaa, hata kama muuzaji ameshaithibitisha.