Morogoro Jazz: bendi iliyoufanya mji kasoro bahari uimbe, na deni la wana-rap wa Moro

Ukisikia neno "jazz" kwenye jina la bendi ya zamani ya Tanzania, usitafute muziki wa Louis Armstrong. Enzi hizo jazz ilimaanisha bendi ya dansi: magitaa, saksafoni, tumba, na watu waliovaa wakapendeza.

Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, chini ya milima ya Uluguru, kwenye mji ambao reli ya kati na barabara ya Dar vinapita na mashamba ya mkonge yaliuzunguka. Wenye mishahara walikuwepo, na wasafiri nao hawakukosekana. Kwa bendi hiyo ni riziki.

Haikuwa peke yake. Salum Abdallah, mzaliwa wa hapohapo Moro aliyechizika na santuri za Kikuba, alikuwa na Cuban Marimba. Mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kwa miaka mingi Cuban Marimba ndiyo iliyotamba, mpaka Salum alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Katikati ya miaka hiyo ya sitini ndipo Morogoro Jazz, iliyoongozwa na mpuliza saksafoni Kulwa Salum, ikampokea kijana Mbaraka Mwinshehe. Gitaa lake la solo lilikuwa kali kiasi kwamba alibatizwa "Soloist National". Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japan kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, na safari yenyewe ikatungiwa wimbo.

Hapo ndipo penye utamu. Mbaraka alitunga kama mwandishi wa habari. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk Wilbert Kleruu, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimwimbia. Mapenzi yalikuwepo, tena mengi, lakini pia ndugu, fedha, mtaa, shida za mtu wa kawaida. Wimbo ulikuwa na kisa, na ulimpa msikilizaji muda wa kukielewa kabla gitaa halijashika usukani.

Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano, mtindo wake ukiitwa Masika. Morogoro Jazz haikupata tena nyota wa kiwango kile. Naye hakuchukua muda mrefu: Januari 1979 alifariki baada ya ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na miaka 34.

Kwa nini Kenya? Kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Ungeweza kurekodi Radio Tanzania na ukasikika nchi nzima, ila santuri ya kuuzwa dukani ilitoka Nairobi. Wimbo wake "Shida" ulitikisa Kenya, na nyimbo zake nyingi zimebaki sokoni kwenye mfululizo wa "Ukumbusho", uliotolewa hukohuko.

Sasa njoo kwenye rap. Afande Sele, mkali wa Morogoro aliyevikwa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, hakurithi gitaa la Mbaraka. Midundo yake ni ya kizazi kingine kabisa. Kinachofanana ni kazi: kusimama mbele ya watu na kuwaeleza maisha yao kwa Kiswahili kinachoshikika. Stamina, naye wa Moro, kapita njia hiyohiyo kwa mistari ya vichekesho vinavyouma. Masikio ya mji huu yalikuwa yameshazoeshwa kusikiliza maneno, si mdundo tu.

Afande Sele aliyapeleka maneno yake hadi kwenye siasa. Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo, akashindwa. Uchaguzi huohuo, mkoa huohuo, rapa mwenzake Profesa Jay aliibuka mbunge wa Mikumi.